Mwongozo kamili: Kubishana siasa hapa Dar bila kuitana chawa, nyumbu na msaliti

Ingia grupu lolote la WhatsApp hapa mjini, la mtaa, la wazazi wa shule, la kikoba, la mliosoma wote, alafu subiri mtu aposti kitu cha bandari au cha uchaguzi. Meseji ya kumi haifiki utakuta mmoja ameshakuwa chawa, mwingine nyumbu, wa tatu kibaraka wa mabeberu, na yule aliyeuliza swali lenyewe hajajibiwa na ndo hajibiwi tena, maana watu wameshahamia kwenye ukoo wake na kabila lake na nani anamlipa. Huu mwongozo ni wa hapo katikati, kuanzia meseji ya nne mpaka ya kumi.

Nimemuandikia anayependa siasa na hana mpango wa kuacha. Wala sikwambii uchane kadi yako, maana kuna watu wanadhani ukiwa na chama basi huwezi kubishana kistaarabu, si kweli, na wengi wa wale wa "mimi sina chama" ndo wanaongoza kwa kuwaita wenzao majina.

Hatua ya 1: Yajue majina, na ujue kila moja linafanya kazi gani

Majina hayafanani. Kuna jina mtu anajiita mwenyewe: kada, kamanda, mzalendo, CUF enzi zile walikuwa ngangari. Hilo ukimuita hana shida nalo. Kuna la utani wa mjini, mfano "Lumumba" na "Ufipa", mitaa ilipo au ilipokuwa ofisi za CCM na CHADEMA, mtu anasema "hawa vijana wa Lumumba" na kila mtu anaelewa ni wa kijani. Alafu kuna jina la kummaliza mtu: buku saba, yaani unalipwa elfu saba kwa siku uje kukomenti, saccos kwa maana ya chama kilichogeuzwa mradi wa wachache, fisiemu yaani fisi na CCM, nyumbu, mataga yaani mashabiki wa Magufuli, msaliti, mlamba asali yaani anayefaidi madaraka, mwanaharakati ikisemwa kwa kubetua mdomo. Na kuna jina linaloondoa utu kabisa, hilo lina hatua yake huko chini.

Chawa ni kesi ya peke yake. Lilianza kama tusi, saivi kuna watu wanajiita wenyewe chawa hadharani na wanajivunia, kwahiyo ukimuita hivo anaweza akakushukuru. Kabla hujakasirika au hujachekelea, angalia linasemwa na nani kwa nani.

Na tusidanganyane kwamba haya mambo yameletwa na simu. Baada ya Azimio la Arusha 1967 mtu aliyekuwa na nyumba ya kupangisha alikuwa anaweza kuitwa kupe, mnyonyaji, bepari mwenye mirija. Mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilikuja operesheni ya wahujumu uchumi, na neno "mlanguzi" lilikuwa linatosha kumfanya mwenye duka atupe mzigo wake usiku asije akakutwa nao. Zanzibar ndo usiseme, Hizbu ni chama kilichokwisha na Mapinduzi ya 1964, lakini miaka ya CUF kijana aliyezaliwa 1980 na kitu alikuwa bado anaitwa Hizbu. Jina linaweza kuishi kuliko kitu chenyewe.

Hatua ya 2: Geuza jina liwe dai

Hii ndo roho ya mwongozo mzima, ukiishika hii nyingine zote utazipata mwenyewe njiani.

Kila jina la kisiasa ni dai lililofupishwa, na limefupishwa makusudi ili aliyelisema asiombwe ushahidi. Kazi yako ni kulirefusha. Ukisikia "wewe chawa", irefushe: anasema msimamo wako umenunuliwa. "Nyumbu": unafuata kundi bila kufikiri. "Kibaraka wa mabeberu": unachosema kinamfaidisha mtu wa nje na huenda ndo anakulipa. "Mdini": unapinga au kuunga mkono kwasababu ya dini ya mhusika. "Msaliti": kuna makubaliano ulikuwemo na umeyavunja.

Ukishairefusha jiulize vitu viwili. Kwanza, hili dai linapimika? Kwamba mtu analipwa kunapimika kwa namna fulani, kuna malipo au hamna. Kwamba mtu ni "nyumbu" hakupimiki, huwezi kumpasua kichwa uone kama alifikiri. Pili, na hapa ndo watu wengi wanateleza: hata kama dai ni la kweli, linajibu hoja? Mtu akisema mkataba fulani una miaka 30, miaka ni 30 hata kama kalipwa na kanunuliwa na gari juu. Mlipwaji anaweza kusema kweli na mtu safi kabisa asiye na mia akasema uongo. Tangu zamani tunasemaga hoja hujibiwa kwa hoja, sema tunaikumbuka pale sisi ndo tunaoshambuliwa tu.

Kwahiyo mtu akimuita mwenzake jina kwenye grupu, andika hivi tu: "Kaka, unamaanisha analipwa, au unamaanisha alichosema si kweli? Maana ni vitu viwili." Usiongeze neno. Mara nyingi kunatokea kimya kidogo, alafu mtu analazimika kuchagua, na akichagua cha pili basi mmesharudi kwenye mada bila mtu kuaibishwa.

Hatua ya 3: Fanyia mazoezi jambo ambalo tayari mnalijua, mimi napendekeza bandari

Nachagua bandari kwasababu ni yetu, ipo Kurasini pale, na kwasababu sijaona mjadala wa karibuni ulioliwa na majina kama ule wa 2023. Kumbuka mpangilio: makubaliano kati ya Tanzania na Dubai yalisainiwa Oktoba 2022, Bunge likayaridhia Juni 10, 2023, nchi ikawaka moto miezi kadhaa, Agosti Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko la kuyapinga, na Oktoba 22, 2023 ikasainiwa mikataba ya uendeshaji na DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ya miaka 30.

Sasa mambo ya kuuliza yalikuwepo, tena magumu. Makubaliano ya kwanza ukomo wake ni upi? Ibara ya 23 kuhusu kuyavunja inamaanisha nini kwa nchi ikitaka kutoka? Migogoro inasuluhishiwa wapi na kwa sheria ya nani? Wafanyakazi wa bandari je? Na upande wa pili nao walikuwa na maswali mazuri tu: bandari kwa hali iliyokuwepo ilikuwa inapoteza kiasi gani meli zikikaa nje zinasubiri, kwanini mzigo wa Kongo na Zambia uje kwetu badala ya kwenda Beira au Durban, na mbona kampuni binafsi ya TICTS ilishakaa pale kwenye kontena zaidi ya miaka 20 na hatukusikia kelele za namna hii.

Haya ni maswali ambayo watu wazima wangekaa nayo wiki nzima. Badala yake aliyeuliza Ibara ya 23 akawa mdini, au mbaguzi wa Wazanzibari maana Rais alikuwa wa huko, na aliyetaja foleni ya meli akawa chawa, ameshapewa chake. Maaskofu walipotoa tamko lao ndo ikaharibika kabisa, watu wakaacha kusoma lililoandikwa wakaanza kusoma nani kaandika. Nilikuwa naona watu wenye akili zao, mawakili, walimu wa chuo, wanabishana siku tatu na hakuna hata mmoja aliyenukuu ibara moja.

Zoezi lenyewe: chukua karatasi, chora mstari katikati. Kushoto andika majina yote unayokumbuka kwenye ule mjadala, kulia andika swali ambalo kila jina lilikuwa linazuia lisijibiwe. "Mdini" ilizuia swali la kuvunja mkataba. "Chawa" ilizuia swali la ufanisi. "Wameuza bandari", ambayo nayo ni jina japo limevaa nguo ya hoja, ilizuia swali la kawaida kabisa: nini hasa kimekodishwa, gati zipi, kwa muda gani na nani anabaki na umiliki. Ukimaliza utaona kwamba majina ya pande zote mbili yalikuwa yanafanya kazi moja.

Hatua ya 4: Kagua picha ulizonazo kichwani

Majina yanapata nguvu kwasababu nyuma yake kuna picha. CHADEMA ni chama cha Wachaga. CUF ni ya Waislamu na Wapemba. CCM ni ya wazee wa kijijini na wamama wa khanga na tisheti, wengine wote wamefuata ulaji. Mpinzani ni kijana wa bodaboda asiye na kazi. Hizi picha zina ukweli kidogo ndani yake, hiyo ndo inazifanya ziwe hatari, maana ukimpinga mtu anakutajia majina matatu ya Wachaga na anajiona kashinda.

Dawa yake ni orodha nzima badala ya mifano. Chukua ya Wachaga. Wagombea urais wa CHADEMA mpaka 2020 ni wanne: 2005 Freeman Mbowe, wa Hai. 2010 Wilbrod Slaa, wa Karatu. 2015 Edward Lowassa, wa Monduli. 2020 Tundu Lissu, wa Singida. Mchaga hapo ni mmoja. Ukitaka kusema "kaskazini" utapata watatu na hapo una hoja ya kujadili, lakini ni hoja ya kanda, si ya kabila, na lazima uiseme hivo. Au ya CUF na Wapemba: aliyekipeperushia bendera urais wa Muungano mara nne mfululizo, 1995 mpaka 2010, ni Profesa Ibrahim Lipumba, mtu wa Tabora, mchumi. Na kisheria chama cha dini au cha kabila au cha eneo moja hakisajiliwi, soma Ibara ya 20 ya Katiba. Najua utaniambia karatasi ni karatasi na mtaani ni mtaani, sawa, ila basi lete takwimu za mtaani.

Alafu angalia hapa hapa Dar. Mwaka 2015 majimbo 6 kati ya 10 ya mkoa huu yalikwenda upinzani: Ubungo, Kibamba, Kawe, Ukonga, Temeke, Kinondoni. Wapigakura wa Temeke wote walikuwa vijana wa bodaboda? Wa Kawe, pamoja na wale wa Mbezi Beach na Masaki? Na baadaye, 2017 na 2018, wabunge wa Kinondoni, Ukonga na Temeke wakahamia CCM, wakasema wameunga mkono juhudi za Rais Magufuli, uchaguzi ukaitishwa upya. Usiku mmoja mtu aliyekuwa kamanda akawa msaliti huku, kule aliyekuwa kibaraka akawa mzalendo, na ni mtu yule yule na shati lile lile.

Hili halipo kwetu tu. Marekani, watafiti Douglas Ahler na Gaurav Sood walichapisha mwaka 2018 utafiti ambao waliwauliza watu wakadirie wafuasi wa vyama vyao viwili wakoje. Watu walikadiria kwamba asilimia 38 ya Warepublican wanapata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, ukweli ni kama asilimia 2. Wakakadiria asilimia 32 ya Wademokrati ni mashoga, wasagaji au wanaovutiwa na jinsia zote mbili, ukweli ni kama 6. Yaani watu wamebeba katuni ya mwenzao kichwani na wanapigana na katuni. Jiulize sisi tungeulizwa wanachama wangapi wa CCM wana hata ajira ya serikali tungejibuje. Chama chenye mamilioni ya wanachama, wengi wao wakulima ambao hawajawahi kuona hiyo asali inayosemwa inalambwa.

Hatua ya 5: Funika jina la chama

Hii ni rahisi na inaumiza. Ukikutana na kauli ya kisiasa, kabla hujajibu ikopi uweke kwenye noti za simu, futa jina la msemaji na chama, soma tena. Alafu weka jina la mtu wa upande wako. Bado unaikataa? Bado unaikubali?

Mwanasaikolojia Geoffrey Cohen alifanya kitu kama hicho na wanafunzi wa Marekani, akachapisha 2003. Aliwapa sera ya misaada kwa maskini, kwa wengine ya ukarimu, kwa wengine ya ubahili, alafu akawaambia chama gani kinaiunga mkono. Watu walifuata chama. Sera ambayo kwa kawaida wangeikataa waliikubali wakiambiwa ni ya kwao. Na walipoulizwa, kila mmoja akasema ameamua kwa kuangalia sera yenyewe, ila wale wengine ndo wanaofuata mkumbo.

Kwetu jaribu na tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 15, 2021, kelele zikawa nyingi, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Waliokuwa wanalalamika kwa wakala wa M-Pesa walikuwa wa vyama vyote, mama muuza mihogo hakuulizwa kadi yake alipokatwa. Lakini kwenye magrupu ukilalamika uliambiwa hutaki maendeleo, mpinzani wewe. Tafuta ulichoandika mwenyewe wakati ule kama bado kipo, badilisha chama kilichokuwa madarakani, soma.

Kuna watu wa Simba ambao mpaka leo hawajawahi kuona penalti halali ya Yanga, na Yanga hivo hivo. Kwenye mpira sawa, hamna anayekosa dawa hospitali kwasababu refa alikosea.

Hatua ya 6: Ukibandikwa wewe

Itatokea. Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu anafanya ni kuanza kujitetea: "mimi sio chawa, mimi sina chama, muulizeni fulani ananijua". Hapo umeshakubali mada iwe wewe, na utakesha unatoa povu. Kosa la pili ni kurudisha: "na wewe nyumbu". Sasa mko sare na bandari imesahaulika.

Fanya hivi. Kama unaweza kukiri kitu cha kweli, kikiri haraka na usonge: "Ndiyo, nina kadi ya CCM tangu 2008. Na bado nasema barabara ya mtaa wetu imejengwa chini ya kiwango, picha hizi hapa." Au: "Nilimpigia Lissu kura, sifichi. Hiyo namba niliyoitaja ni ya CAG, sio ya Lissu." Hiyo inaua jina palepale kwasababu jina linakula kwenye kuficha.

Kama ni uongo, kanusha mara moja kwa sentensi moja alafu rudisha swali. "Silipwi na mtu. Swali langu la saa nne asubuhi bado halijajibiwa." Ikirudiwa usikanushe tena. Rudia swali tu, neno kwa neno, hata mara tatu, wanaosoma bila kukomenti ndo wengi na wanaona nani anakimbia.

Kwa mkubwa wako mambo ni tofauti. Mjomba akikuita nyumbu kwenye grupu la familia huwezi kumwambia "thibitisha". Unamwambia, "Shikamoo mjomba. Nimekusikia. Ila naomba unisaidie hapa, wewe ulikuwepo 1992 vyama vingi vinarudi, Tume ya Nyalali ilikuta kama asilimia 80 ya watu wanataka chama kimoja na bado ikashauri vyama vingi, kwanini ilikuwa hivo?" Mzee ataacha kukuita jina, ataanza kusimulia, na pengine utajifunza kitu. Ni mbinu, ndiyo, lakini pia ni heshima, na kwa wazee hivo viwili havigombani.

Usichekeshe sana. Najua mjini hapa mtu akikunanga jibu linalosifiwa ni la kumchamba mpaka skrinshoti isambae, ila ukimchamba umeshinda siku hiyo tu, hatokusikiliza tena kwenye jambo lolote.

Hatua ya 7: Kuwa mkali zaidi na neno "msaliti" likitoka upande wako

Kwa maoni yangu hili ndo jina baya kuliko yote, baya kuliko chawa na nyumbu, na sababu ni kwamba linapigwa ndani ya nyumba. Mtu wa nje akikosolewa, chama chake kipo kumtetea. Wa ndani akiitwa msaliti hana pa kwenda, na wenzake waliotaka kusema kama yeye wanafunga mdomo.

Angalia CHADEMA Januari 2025, uchaguzi wa mwenyekiti pale Mlimani City. Lissu alipata kura 513, Mbowe 482. Kura karibu nusu kwa nusu, maana yake kila aliyepiga kura ndani ya ule ukumbi, akigeuka kulia au kushoto, alikuwa amekaa na mtu asiyekubaliana naye. Sasa kumbuka miezi ile ya kampeni huko mtandaoni: huyu kanunuliwa, yule mropokaji anatumika kuua chama. Kama yote yalikuwa kweli basi nusu ya wajumbe walikuwa wasaliti, na hamna chama duniani chenye hesabu hiyo.

Au Lowassa. Septemba 2007 pale Mwembeyanga, Temeke, jina lake lilisomwa kwenye orodha ya mafisadi. Februari 2008 akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, mkataba wa umeme wa dharura. Julai 2015 CHADEMA, chama cha aliyeisoma orodha, kikampokea, akagombea urais akapata karibu asilimia 40 ya kura, na waliokuwa wanamtetea jana wakaanza kumuita fisadi. Machi 2019 akarudi CCM, majina yakabadilishana tena. Kote huko hakuwahi kupandishwa mahakamani kwa hilo, kwahiyo "fisadi" ilikuwa inahama na kadi tu. Ukiwa na chama chochote, chukua hii kama kipimo: jina ulilompa mtu lingebaki vile vile angehamia kwenu kesho?

Kwa vitendo: mwenzako wa chama akiitwa msaliti kwa kuuliza swali, wewe usiyekubaliana naye ndo uwe wa kwanza kusema "sikubaliani naye ila swali lake ni halali." Ikitoka kwa mshirika wake haina uzito.

Hatua ya 8: Maslahi ya mtu yanatajika, ila yataje kwa jina lake

Kuna wakati kweli mtu analipwa. Kuna anayesifia mradi na kampuni yake ina tenda humo humo, kuna anayeponda na ana kesi na huyo anayemponda. Hilo lisemwe. Lakini lisemwe kama taarifa: "Wadau, mjue fulani ni mkandarasi kwenye huu mradi, msikilizeni mkijua hilo." Hiyo inampa msomaji kitu cha kupima. "Chawa huyo" haimpi kitu. Na kama hujui, una hisia tu kwasababu kabadilisha gari, kaa nayo.

Hatua ya 9: Tazama kitenzi

Utasema mbona chawa ni mdudu, nyumbu ni mnyama, si tayari tumeshavuka mstari? Tumeukaribia. Kinachonisaidia mimi ni kuangalia kitenzi kinachofuata. "Chawa wamejaa humu" ni kejeli. "Chawa wasafishwe", "waangamizwe", "watolewe mtaani kwetu", hapo mada imekwisha na kitu kingine kimeanza.

Majirani zetu wametuonyesha. Rwanda, redio ya RTLM ilianza 1993 na ikawa inawaita Watutsi mende, na mauaji ya kimbari ya 1994 tunayajua. Kesi ya wale wa vyombo vya habari ilisikilizwa hapa kwetu, Arusha, Desemba 2003 watatu wakahukumiwa kwa maneno waliyotangaza na kuchapisha. Kenya, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na Bonde la Ufa watu wa makabila mengine walikuwa wameshaitwa "madoadoa", na doa kazi yake ni kuondolewa. Mwaka 2022 tume yao ya utangamano iliweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya chuki.

Ukiona kitenzi cha namna hiyo usibishane. Usiulize "unamaanisha nini". Skrinshoti, mpe admini, sema wazi mbele ya wote kwamba hilo halikubaliki, basi. Hivo hivo kwa kauli za "rudini kwenu", iwe ni Pemba, Moshi, Kigoma au Usukumani. Mtu wa Kigoma kuambiwa Mrundi kila akikosoa serikali, hiyo sio siasa tena.

Hatua ya 10: Kwa maadmini

Mna kazi mbaya na hamlipwi, pole. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo, kifungu cha 16 cha habari za uongo peke yake kinaanzia faini ya milioni 5 au jela miaka 3, au vyote, kwahiyo mtu akiposti "fulani kalipwa milioni kadhaa" bila ushahidi anajiweka pabaya yeye.

Msipige marufuku siasa. Ukipiga marufuku inahamia kwenye utani na misiba, utaona mtu anatoa rambirambi yenye kijembe. Weka kanuni mbili tu zinazokumbukika: anayemuita mwenzake jina anatakiwa ndani ya siku hiyo alete dai kamili, akishindwa anafuta meseji; na anayefowadi klipu ya siasa aandike kwa maneno yake mwenyewe anakubaliana na nini humo ndani. Hii ya pili utashangaa inavopunguza takataka, maana wengi wanafowadi kitu ambacho hawajakimaliza kukisikiliza.

Kanuni iwahusu wote, na mtu wa kwanza kumfutisha meseji awe wa upande wako wewe admini, tena mapema, wiki ya kwanza, kabla hujamgusa wa upande wa pili. Na kama unasimamia grupu la kikoba au la wazazi, weka siku na saa ya siasa, mfano Jumamosi jioni, muda mwingine mtu akiposti unamuambia tu "dada, Jumamosi", bila hotuba. Wiki za kampeni ruhusu siku mbili.